Simu Iliyopokewa na Gari

Gari langu la kwanza lilinifikia likiwa linaongea Kijapani. Ukiliwasha, mwanamke asiyeonekana anasema sentensi ndefu yenye adabu, kisha kioo cha redio kinajaa maandishi ambayo Mbinga nzima sikupata mtu wa kuyasoma. Wakati huo nilikuwa nanunua kahawa vijijini kwa niaba ya kampuni binafsi. Biashara ilikuwa imefunguliwa kwa watu binafsi, ushirika umedhoofika, na kila mwenye mizani na gari alijiita mnunuzi. Simu yangu iliita kutwa. Niliipokea mkono mmoja ukiwa kwenye usukani, kwenye kona za udongo mwekundu, na mke wangu akawa ananiambia iko siku nitamwacha mjane kwa sababu ya gunia la kahawa.

Ndiyo maana nilikwenda kwa fundi simu wa karibu na stendi. Alikuwa mtu mzima, mcheshi, asiyekubali kwamba kuna kitu kinaweza kumshinda. Akaingia kwenye kiti changu, akashika simu yangu kwa mkono mmoja na kubonyeza redio kwa mwingine. Mwanamke wa Kijapani akasema lake. Fundi akabonyeza tena. Simu ikauliza kama nakubali, nikasema nakubali, hata sijui nakubali nini. Kisha akanipigia kwa simu yake, na gari zima likaita. Sauti yake ilitoka kwenye milango yote minne. "Hiyo ndiyo blututhi, mzee," akasema. Akanionya nisiguse kitu, maana hata yeye hakuwa na uhakika ni kitufe kipi kilichofanya kazi.

Tangu siku hiyo nikiwasha injini tu, simu na gari vilitafutana na kuungana vyenyewe bila kuniomba ruhusa. Kwa wiki kadhaa niliringa. Kisha adha zikaanza. Siku moja nimempa lifti mkulima, jirani yake akapiga na kuanza kumsengenya huyohuyo aliyekaa pembeni yangu. Siku nyingine mke wangu alipiga kuuliza hali ya tumbo langu, tena kwa kina, katekista akiwa kiti cha nyuma. Nilijifunza njia moja tu ya kujiokoa. Nikifika nyumbani mtu bado anaongea, nazima gari, natoka, na maneno yanarudi sikioni. Nikaamua kichwani mwangu kwamba blututhi ni jambo la ndani ya gari, na ukishatoka nje uko salama. Hakuna aliyenisahihisha kwa sababu hakuna niliyemuuliza.

Mwaka huo mama mkwe wangu alikuwa kwetu, amekuja kutibiwa kidonda cha mguu. Yeye ni Mnyasa wa Chiwanda kule ziwani, mimi ni Mmatengo wa milimani, kwa hiyo Kiswahili ndicho kilichokuwa katikati yetu, na hata hicho tulikitumia kwa kubana. Kwao mama mkwe na mkwe wa kiume hawatazamani usoni. Hawapeani kitu mkono kwa mkono. Nikitaka kumpa maji, naweka kikombe mezani na kuondoka, ndipo anakichukua. Sikuwahi kumwona akila. Miaka yote ile nilichokifahamu vizuri kwake kilikuwa sauti, kanga na visigino.

Akiwa kwetu, mwanawe wa mwisho, aliyekuwa akivua dagaa kule kwao, akaugua ghafla. Mguu wa mama haukumruhusu kwenda, akaenda mke wangu kumuuguza mdogo wake. Habari zilikuja nzuri, kisha si nzuri, kisha nzuri tena. Halafu asubuhi moja nikiwa uani nakagua matairi, baba mkubwa wa mke wangu akapiga. Ndiye kaka wa marehemu baba mkwe, na ndiye mwenye kauli katika nyumba ile.

"Mkwe, kijana wetu ametutoka," akasema.

Nikakaa juu ya tairi la akiba. Hakunipa muda wa kusema pole. Alikuwa ameshapanga mambo, na aliyatoa moja baada ya jingine kwa sauti ya mtu aliyekesha.

"Umlete mama. Mwambie mgonjwa amezidiwa, anamhitaji. Usiongeze neno. Wewe ni mkwe, msiba wa nyumba hii hautoki mdomoni mwako. Akifika nitamwambia mimi, akina mama wakiwa wamemshika. Na simu yake usimwachie. Mkikaribia, kabla hamjaanza kuteremkia kijijini, unipigie ili niwanyamazishe wanawake. Sitaki akute kilio akiwa bado ndani ya gari."

"Sawa, baba."

"Nakutegemea."

Nilijua uzito wa neno hilo. Kwao mkwe anayefikisha msiba wa ukweni huhesabiwa kwamba amemliza mama mkwe kwa kinywa chake. Kuna bwana mmoja, ameoa katika ukoo uleule, aliropoka kwa bahati mbaya miaka mingi iliyopita, na mpaka leo akienda kusalimia anawekewa kiti nje. Wanamkaribisha vizuri, wanampa chakula, lakini nje. Na zaidi ya hayo ya kwangu, nilimfikiria yeye mwenyewe. Mwanamke wa umri ule, mguu mbovu, anaambiwa mwanawe amekufa akiwa peke yake kwenye kiti cha nyuma, na aliye karibu naye ni mtu asiyeruhusiwa hata kumshika mkono.

Nikajikausha uso, nikaenda kusimama nje ya mlango wake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba."

"Mgonjwa amezidiwa kidogo. Wanasema twende."

"Kuzidiwa kidogo hakumtoi mtu Mbinga asubuhi hii."

Nilimwomba simu yake ili niichaji, akaiweka juu ya stuli, nikaichukua na kuifungia kabatini. Majirani wawili wakamsaidia kuingia garini, akakaa nyuma upande wa kushoto na kifurushi cha ndizi mbivu mapajani. Alisema mgonjwa hashindwi na ndizi. Mimi nikaketi kwenye usukani, nikawasha gari, mwanamke wa Kijapani akatusalimu, na kwenye kioo cha redio ikachomoza ile alama ya simu.

Katika mipango yote ile, mimi na baba mkubwa tulikuwa tumelisahau gari. Nawafahamu watu wetu. Wakisikia msiba hawaandiki ujumbe, wanapiga. Wanaanza na pole kabla ya haloo.

Nikaanza kubonyeza. Nilibonyeza kile nilichokatazwa kubonyeza na vilivyo jirani yake. Redio ikakoroma, muziki ukalia na kukatika, kisha ikatokea ramani inayoonyesha kwamba tuko katikati ya bahari fulani ya buluu. Mwanamke wa Kijapani akaanza kueleza jambo refu. Alama ya simu ilikuwa palepale.

"Anasema nini huyo mama?" sauti ya nyuma ikauliza.

"Anasema tufunge mikanda."

"Kwa mkanda tu, kasema mengi."

Tulikuwa hatujaziacha nyumba za mwisho za mji gari lilipoita. Sauti ikajaa kutoka milango yote minne. Nilitaka kuikata, kidole kikagusa sehemu ya kupokea, na mnunuzi mwenzangu mmoja akaingia kati yetu kwa sauti yake nene: "Kaka, ndiyo kwanza nimesikia sasa hivi, aisee po..."

Nikakata.

"Amesikia nini?"

"Bei ya kahawa, mama. Imeshuka."

Nikasogeza gari pembeni, nikaizima simu kabisa, nikaitupa kwenye kiti cha abiria. Kwa muda nikapumua. Lakini hata kupumua kwenyewe kulikuwa kwa wasiwasi, kwa sababu nilijua lazima niiwashe tena. Bila simu yangu wanawake hawatanyamazishwa. Nilibeba hesabu hiyo kona baada ya kona, tukipita mashamba ya ngolo, yale ya mashimo tunayochimba sisi Wamatengo, tukianza kuteremka, vumbi likipanda mpaka nikapandisha vioo vyote. Gari lenyewe lilikuwa na lake: stata ilisumbua wiki nzima, na nilikuwa nimeapa kutoizima injini mpaka Chiwanda.

"Simu yako imenyamaza," mama akasema.

"Mtandao, mama. Huku kwenye milima haushiki."

"Ukishika umpigie binti yangu. Nimsikie huyo kijana japo akikohoa."

"Sawa, mama."

Mimi si mwongo mzuri. Naweza kunyamaza vizuri, lakini uongo nikiusema unaniacha na kiherehere cha kuongeza mwingine wa kuushikilia. Nilimwambia mtandao utashika mbele. Nikamwambia pia kwamba mke wangu huenda yuko wodini na wodini hawaruhusu simu. Nikaongeza habari ya mnara kupigwa radi, ambayo hata mimi sijui ilitoka wapi. Hakunipinga. Alikuwa akisali kwa Kinyasa, chinichini, na kila gari lilipopunguza mwendo kwenye korongo alikatiza sala.

"Kaza mwendo, baba. Nimkute."

"Utamkuta, mama."

Huo haukuwa uongo, na ndilo neno lililoniumiza kuliko yote niliyosema.

Ziwa lilipoonekana kule chini aliacha kusali, akaanza kunisimulia habari za mwanawe. Haikuwa kawaida yake kunisimulia kitu. Alisema kijana huyo alichelewa sana kutembea mpaka watu wakamwambia ana mguu mfupi, na siku alipoanza alikwenda moja kwa moja majini. Alisema hapendi ugali wa mahindi, hata akiwa kwetu milimani huulizia wa muhogo. Alisema kila kitu kwa namna ya mtu aliye hai, hapendi, anacheka, anachelewa, na mimi nikawa naitikia "naam, mama," nimeng'ang'ania usukani kwa mikono miwili. Macho yalikuwa yananiwasha. Nikamwambia ni vumbi, ingawa hakuwa ameniuliza, wala hakuweza kuniona uso.

Tulipita Mbamba Bay bila kusimama. Nilipita kwa mwendo wa mwizi, nikiogopa mtu atakayelitambua gari na kunipungia kwa sura ya msiba. Nje ya mji nikaanza kuhesabu maneno nitakayomwambia baba mkubwa: tumekaribia, wanyamazishe, basi. Simu ya kufumba na kufumbua. Penye mwinuko wa mwisho, ambapo barabara inaanza kuteremkia kwao, nikasimama.

"Kuna nini?"

"Nataka kuangalia tairi, mama. Na labda hapa mtandao upo."

Nikaacha injini ikinguruma kwa sababu ya stata. Nikachukua simu, nikatoka, nikafunga mlango vizuri nyuma yangu. Nilikwenda mpaka nyuma ya gari, penye jiwe kubwa, mahali ambapo kupitia kioo cha nyuma niliona kitambaa chake cha kichwa tu. Nikawasha simu. Mtandao ulikuwepo, tena umejaa. Nikampigia baba mkubwa, nikaiweka sikioni, nikageukia ziwani ili nisionekane mdomo.

Sikusikia kitu. Haikuita wala kukoroma.

"Haloo, baba. Haloo. Tumekaribia."

Kimya. Nikaiangalia, nikaona sekunde zinahesabu. Amepokea. Nikairudisha sikioni, nikaziba sikio la pili kwa kidole, nikasema tena tumekaribia, wanyamazishe akina mama. Kimya kilekile. Nikapanda juu ya jiwe. Nikamtukana mwenye kampuni ya simu na mwenye mnara. Nilikuwa nimeinyanyua juu kutafuta mawimbi simu ilipokatika yenyewe, na ilipokatika ndipo nikaona kwenye kona ya kioo chake ile alama ndogo ya buluu, inawaka.

Nilijua pale pale juu ya jiwe. Gari lilikuwa linanguruma. Sikuwa nimelizima.

Sikumbuki nilivyoufikia mlango. Nilipoufungua hapakuwa na sauti yoyote ndani, ila feni ya hewa. Yeye alikuwa amekaa vilevile, mikono juu ya kifurushi cha ndizi. Sikuthubutu kugeuka kumtazama, na kioo cha ndani tangu asubuhi nilikuwa nimekielekeza juu kwa heshima yake. Nikaketi. Ningemuuliza nini? Mama, umesikia kwamba mwanao amekufa? Kama amesikia, nimeshamuua. Kama hakusikia, swali lenyewe litamuua.

"Umempata?" akauliza.

"Mtandao unasumbua, mama."

Akasema, "Haya, twende. Endesha taratibu."

Nikaendesha taratibu. Nilijiambia barabara ile ni mbaya, mtu mwenye kidonda lazima aombe taratibu. Nikajiambia pengine baba mkubwa alipokea akakuta kimya, akakata. Nikakumbuka basi kwamba wanawake hawajanyamazishwa, na hofu mpya ikapanda juu ya ile ya zamani. Nikashusha kioo changu kidogo, nikatega sikio kwa kilio. Niliwaza jinsi nitakavyopiga honi mfululizo kukifunika, kama mwehu.

Hapakuwa na kilio. Tulipoingia uani watu walikuwa wamejaa, wamekaa, wamenyamaza, hata watoto. Nikajifariji kwamba waliona vumbi letu tangu mbali. Akina mama wa kanisa wakaja upande wake, wakafungua mlango, wakamshika mikono yote miwili na kiuno. Mke wangu alikuwa nyuma yao, amevimba macho, hakunitazama. Wakampeleka mpaka kwenye mkeka uliotandikwa kibarazani. Baba mkubwa akachuchumaa mbele yake, akamsalimia kwa utaratibu wote, akauliza safari, akauliza mguu. Mama akajibu safari salama, mguu unapona. Kisha baba mkubwa akamwambia.

Alilia kilio cha mtu aliyeambiwa sasa hivi. Akaanguka ubavu, na wanawake wote waliokuwa wamejizuia wakaachia kwa pamoja. Nilikuwa nimesimama kando ya gari. Nilimlilia shemeji yangu, kwa kuwa nilimpenda, lakini chini ya machozi yale nilikuwa nashukuru. Hakusikia. Nilirudia neno hilo moyoni nikajisikia mwepesi, nikaenda kukaa na wanaume na kula muhogo niliopewa.

Tulizika jioni ileile. Baada ya kutoka makaburini, baba mkubwa alinivuta pembeni, akanishika bega. Alikuwa mtu wa maneno machache, na sikutegemea pongezi.

"Umefanya kazi ya mtu mzima," akasema. "Safari ndefu ile, na umemfikisha hajui kitu."

"Asante, baba."

"Ila kwenye simu ulinitia hofu. Nimekueleza mambo yote kwa mkupuo, kwamba jeneza limefika, kwamba tumeshamvika, kwamba kaburi tumelichimba karibu na la baba yake, na wewe kimya. Nikauliza, umenielewa? Kimya. Nikauliza tena. Ndipo ukaitika kwa sauti ndogo kabisa, 'Nimeelewa. Tunakuja.' Nikajua uzito umekuelemea, maana haikuwa hata sauti yako."

Kilio kilikuwa kimetulia wakati huo. Kutoka ndani nilimsikia mama akiwauliza wanawake kama mkwe wake amepewa maji ya kuoga.

Niliona kwa mara ya kwanza kile kipande cha mwisho cha safari yetu, kutoka kwenye jiwe mpaka uani. Alikuwa nyuma yangu, peke yake, anajua kaburi liko wapi na jeneza limeshafika, na hakuvuta hata kamasi, ili iwe kwamba hakuambiwa na mtu mpaka aambiwe na anayepaswa. Kilio nilichokishukuru alikuwa amekishika mdomoni njia nzima kwa ajili yangu. Baba mkubwa alikuwa bado ananiangalia, anasubiri nimjibu.

"Ndiyo, baba," nikasema. "Ni mimi niliyeitika."